Aliyepakiwa Si Mzigo: Watu Wawili Juu ya Baiskeli Moja



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya baiskeli. Hatukusudii kumfundisha mtu kuendesha, maana wengi wenu mmelijua jambo hilo tangu utotoni, mlipokuwa mkipitisha mguu chini ya bomba kwa sababu hamkuweza kufikia kiti. Tunakusudia jambo moja tu: watu wawili juu ya baiskeli moja. Baba amempakia mama kwenda misa. Kaka amempakia mdogo wake kwenda shule. Mjukuu amempakia bibi kwenda zahanati kupima shinikizo la damu. Mama ameketi kwenye keria, na mtoto yuko mgongoni mwake.

Ni kweli kwamba siku hizi pikipiki zimeenea hadi vijijini. Lakini pikipiki inataka petroli na nauli, na baiskeli haitaki ila nguvu za miguu. Hata neno bodaboda lenyewe lilianza na baiskeli, pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walipokuwa wakiwavusha abiria kwenye keria kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Huko Shinyanga nako baiskeli za abiria zilipewa jina la daladala. Kazi ya kupakiana ni ya siku nyingi, wala haitakwisha kesho.

Sisi wauguzi wa hospitali ya misheni tunaipenda baiskeli. Inawaleta watoto kliniki, inawaleta wagonjwa wa kisukari kuchukua dawa zao. Lakini chombo hicho hicho kinatuletea majeruhi pia, na mara nyingi aliyeumia vibaya siye mwendeshaji, bali ni yule aliyepakiwa. Sababu kubwa tunayoiona ni kwamba aliyepakiwa huchukuliwa kama mzigo. Gunia la mahindi likifungwa kwenye keria halina miguu ya kuingia kwenye gurudumu. Halisinzii. Haligeuki ghafla kumsalimu rafiki njiani, wala halina kanga inayopepea. Mtu anayo hayo yote. Kwa hiyo hawezi kubebwa kama gunia.

BAISKELI YA WAWILI SIYO ILE YA MMOJA

Mwenye baiskeli husema, "Baiskeli yangu naijua." Ndiyo, anaijua akiwa peke yake. Weka mtu wa kilo 50 kwenye keria, na tayari imekuwa chombo kingine.

Kwanza, uzito umehamia nyuma. Gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huyumba. Mkipanda kilima, gurudumu hilo hutaka kuinuka.

Pili, breki zimeongezewa kazi. Breki za baiskeli zetu nyingi ni vipande vya mpira vinavyobana rimu. Vikilowa mvua au umande hushika kwa shida. Tena mkumbuke hesabu hii: mwendo ukiongezeka mara 2, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara 4 hivi. Ndiyo maana mteremko unaochezewa na kijana aliye peke yake waweza kuwa kaburi la watu wawili. Kwenye mteremko mkali wote washuke, baiskeli ikokotwe kwa mkono. Dakika 5 za kutembea hazimchelewishi mtu misa kama alitoka nyumbani mapema.

Tatu, aliyepakiwa anaweza kuigeuza baiskeli bila kugusa usukani. Akiinama upande mmoja au akisinzia, baiskeli humfuata.

Kabla ya kumpakia mtu, kagueni mambo haya matano:

1. Breki zote mbili. Bana breki ya mbele, kisha usukume baiskeli; gurudumu la mbele lisizunguke. Fanya vivyo hivyo kwa ya nyuma.

2. Keria. Ishike uitikise. Nati zote ziwe zimekazwa, na vyuma vyake visiwe na ufa. Keria ikikatika, aliyeketi juu yake huangukia gurudumu linalozunguka.

3. Matairi. Yawe na upepo wa kutosha. Tairi laini huyumba, na huharibika upesi chini ya uzito wa wawili.

4. Usukani. Simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu la mbele kati ya magoti yako, kisha jaribu kuuzungusha usukani. Ukizunguka wenyewe huku gurudumu limetulia, haujakazwa. Angalia pia ncha zake. Vishikio vya mpira vikiwa vimetoka, chuma kilichobaki wazi hukata kama kisu mtu anapokiangukia.

5. Kengele, taa, na kioo chekundu cha kuakisi mwanga nyuma. Anayerudi jioni avae nguo nyeupe au ya rangi ya kung'aa.

KISIGINO NA SPOKU

Jeraha tunalotaka mlifahamu kuliko yote ni lile la mguu wa mtoto kuingia kwenye spoku, yaani zile njiti za gurudumu. Huwapata hasa watoto wa kati ya miaka 2 na 8. Miguu yao ni mifupi, haina pa kukanyaga, nayo huning'inia kando ya gurudumu la nyuma.

Fikirini hesabu hii. Baiskeli ikienda mwendo wa kawaida wa kilomita 15 kwa saa, husogea mita 4 hivi kila sekunde. Gurudumu la inchi 28 huzunguka karibu mara 2 katika sekunde hiyo moja. Gurudumu la nyuma la baiskeli za kazi kwa kawaida lina spoku 40. Maana yake, spoku zaidi ya 70 hupita kando ya kisigino cha mtoto kila sekunde. Mtoto akisinzia au akijaribu kukaa vizuri, mguu huvutwa na kubanwa kati ya spoku na chuma cha fremu kabla hajapata hata kulia. Mwendeshaji huona baiskeli imekuwa nzito ghafla, naye hufanya lile ambalo watu wengi hufanya: hukanyaga pedali kwa nguvu zaidi.

Mguu huo huumizwa kwa namna tatu kwa pamoja. Spoku huikata ngozi, fremu huuponda, na gurudumu huusokota. Kwa hiyo ngozi ya kisigino, kano kubwa iliyo nyuma ya kifundo, na mifupa ya kifundo na muundi vyote vyaweza kuumia kwa ajali moja. Tena mtoto bado anakua. Sehemu ya mfupa inayoongeza urefu ipo karibu na kifundo. Ikiharibika, mguu unaweza kukua ukiwa mfupi au umepinda, na mtoto akachechemea maisha yake yote.

Jambo linalowadanganya wazazi ni hili: siku ya kwanza jeraha huweza kuonekana dogo. Ngozi ipo mahali pake, imechubuka na kuvimba kidogo tu. Lakini ngozi hiyo imepondwa, na mishipa midogo ya damu inayoilisha imeharibika. Siku 2 au 3 baadaye hugeuka nyeusi na kufa, na chini yake pana kidonda kikubwa. Mara nyingi habari huwa hivi: mtoto ameumia Jumapili, Jumatatu wakubwa wakasema amechubuka tu, akapakwa majivu, na Alhamisi tunaletewa mguu uliovimba na kunuka, mtoto ana homa kali. Mguu ambao ungetunzwa vizuri tangu siku ya kwanza sasa unahitaji kuondolewa ngozi iliyokufa na mtoto kulazwa kwa wiki kadhaa. Pengine atahitaji kupandikizwa ngozi nyingine. Shule inampita, na mama analala chini ya kitanda cha wodini huku shamba likingoja palizi.

MGUU UKIINGIA KWENYE SPOKU, FANYENI HIVI

1. Simameni papo hapo. Mmoja amshike mtoto, mwingine aishike baiskeli isianguke. Msiisukume mbele hata hatua moja.

2. Msivute mguu kwa nguvu. Jaribuni kulizungusha gurudumu kinyumenyume, polepole, mguu ulegee. Ukikataa, zikateni spoku kwa plaizi au fungueni gurudumu. Fundi ataweka spoku nyingine kwa gharama ndogo. Mguu hauna duka.

3. Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa muda wa dakika 10. Usifungue kila mara kuchungulia.

4. Damu ikishatulia, osha kwa maji safi mengi na sabuni. Usisugue. Jeraha likiwa kubwa, au mfupa ukionekana, acha kuosha na ufunike tu.

5. Funika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi. Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa, dawa ya meno wala unga wa vidonge. Vitu hivyo huleta vijidudu, na humzuia daktari kuona jeraha.

6. Mtoto asiukanyage mguu. Ufungeni kwa banzi la mbao au gazeti gumu lililokunjwa, kama ulivyo, bila kuunyoosha. Ulale ukiwa umeinuliwa kidogo.

7. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo. Chukueni kadi yake ya kliniki, ili tujue chanjo alizopata. Barabara zetu zina udongo na kinyesi cha wanyama, na humo mna vijidudu vya pepopunda. Dalili za pepopunda huanza kwa kawaida kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia: taya hukaza, shingo hukakamaa, mwili hupata mishtuko. Ikishaanza, hata hospitali kubwa hupata shida kumwokoa mgonjwa.

Baada ya kutibiwa, vitazameni vidole vya mguu mara kwa mara. Vikiwa baridi, au vimebadilika rangi, au mtoto haoni mnapovigusa, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, rudini mara moja bila kungoja tarehe ya kadi. Nasi tukiwaambia mrudi baada ya siku 2 ili tuitazame ngozi tena, tafadhali mrudi.

KINGA YA SPOKU MNAYOWEZA KUTENGENEZA NYUMBANI

Jeraha hili lote linaweza kuzuiwa kwa dumu la plastiki lililochakaa. Tafuteni dumu la lita 20, kisu kikali, msumari wa kutobolea, na waya laini.

Kateni vipande viwili bapa kutoka ubavuni mwa dumu, kimoja cha kila upande wa gurudumu la nyuma. Kila kipande kifunike nafasi yote ambamo mguu wa mtu aliyeketi kwenye keria unaweza kufika, kuanzia chini ya keria hadi karibu na ekseli. Pembe zake zikatwe ziwe za mviringo zisichome. Toboeni matundu pembeni kwa msumari uliopashwa moto.

Kisha fungeni kila kipande kwa waya kwenye vyuma vya fremu na vyuma vya keria, ambavyo havizunguki. Msifunge chochote kwenye spoku. Ncha za waya zikunjwe zisikwaruze miguu. Mwisho, zungusheni gurudumu kwa mkono. Plastiki isiguse spoku, mnyororo wala breki. Ikigusa, punguzeni au mkaze tena. Wenye uwezo wamwombe fundi aweke wavu wa chuma.

Fundi huyo huyo aweke vikanyagio viwili vya kupumzishia miguu. Waendesha bodaboda za baiskeli wa Busia na Kisumu walilijua hili: waliweka mto wa kukalia na mahali pa kuweka miguu, kwa sababu abiria aliyetulia ndiye anayefika salama.

Kwa mtoto mdogo, keria tupu haifai. Anahitaji kiti chenye mgongo, mkanda na kinga pande zote mbili za miguu, kilichofungwa imara kwenye keria. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipandishwe baiskeli kabisa, maana shingo yake bado haiwezi kuvumilia mitikisiko ya njia. Mtoto asiachwe peke yake kwenye kiti wakati baiskeli imesimama kwa stendi, hata kama unanunua kiberiti tu. Kumpakia mtoto kwenye bomba la mbele nako kuna hatari yake: mguu ukiingia gurudumu la mbele, baiskeli husimama ghafla na wote wawili hurushwa mbele.

Mvalisheni mtoto viatu vya kufunika kisigino. Kandambili huteleza. Kofia ngumu ya baiskeli ikipatikana, avae mwendeshaji na aliyepakiwa pia, kwa kuwa inapunguza sana majeraha ya kichwa.

Tuseme pia juu ya watoto wanaopakia watoto wenzao. Asiyeweza kufikisha miguu yote miwili chini akiwa ameketi kwenye kiti asimpakie mtu. Na anayeruhusiwa kupakia apakie mmoja tu. Wazazi, mkimtuma kijana wa miaka 10 awapeleke wadogo zake wawili shuleni kwa baiskeli ya baba, mmempa kazi inayozidi nguvu zake.

WALIO JUU YA BAISKELI WAZUNGUMZE

Huko Ulaya na Marekani kuna baiskeli zilizoundwa hasa kwa watu wawili. Fremu yake ni ndefu, ina viti viwili na jozi mbili za pedali. Wa mbele hushika usukani na breki. Wa nyuma hukanyaga tu, wala hawezi kugeuza chochote. Kwa baiskeli hizo, watu wasioona hushindana mbio katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, mwenzao anayeona akiwa mbele.

Siri ya baiskeli hiyo ni maneno. Wa nyuma haoni kilichoko mbele, basi wa mbele humwambia kila jambo kabla hajalifanya. Nasi tunaweza kuwaiga, hata kwenye keria ya kawaida, kwa sababu aliyepakiwa haoni mbele kwa ajili ya mgongo wa mwenzake. Mwendeshaji aseme: "Tunaanza." "Shimo." "Tuta." "Nafunga breki." "Nageuka kulia." Aliyepakiwa aseme: "Tayari." "Bado." "Gari nyuma." Na wote wawili wakubaliane juu ya neno moja lililo kubwa kuliko yote: "Simama." Neno hilo likitamkwa na aliyepakiwa, mwendeshaji asimame kwanza, sababu aiulize baadaye. Pengine kanga imevutwa, au mguu umeteleza, na hapo hakuna nafasi ya majadiliano.

Akina baba, tunawaomba mlisikie hili. Mama akisema "Simama" au "Punguza mwendo", hakudharau uendeshaji wako. Akitaka kushuka kwenye daraja la miti, ashushwe. Na mwendeshaji akiwa amekunywa pombe, aliyealikwa kupanda anayo haki ya kukataa. Kutembea kwa miguu usiku na mtoto ni taabu, lakini mikono ya mlevi haiwezi kuwabeba watu wawili.

Kuna taratibu nyingine za kushika. Aliyepakiwa apande baiskeli ikiwa imesimama, mwendeshaji akiwa na miguu yote miwili chini, na ashuke ikiwa imesimama. Kudandia na kuruka ni michezo inayovunja viwiko. Akishaketi, ashike kiuno cha mwendeshaji au chuma kilicho chini ya kiti, atulie katikati ya keria, na anayetaka kugeuka aseme kwanza. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda baiskeli hukaa kushoto mwa barabara. Kwa Rwanda, Burundi na Kongo hukaa kulia. Wanaovuka mipaka kwenda hija walikumbuke hilo.

MAMA, KANGA NA MTOTO MGONGONI

Kukaa upandeupande ni desturi ya akina mama wengi, nasi hatuji kuwahukumu. Lakini uzito huegemea upande mmoja, na mikono haina pa kushika vizuri. Kukaa kwa kutanua miguu ni salama zaidi. Anayeona haya avae suruali chini ya gauni, wengi hufanya hivyo wakienda shambani. Atakayekaa upandeupande, basi kwetu tunaopita kushoto miguu yake ielekee kushoto, mbali na magari.

Ncha za kanga, kitenge na mtandio zikusanywe na kukaliwa au kufungwa kiunoni. Mtandio wa shingoni ni hatari zaidi, maana ukinaswa na gurudumu humkaba mwenye nao. Uvueni, uwekwe mfukoni hadi mfike.

Mtoto aliye mgongoni mwa mama aliye kwenye keria hana kinga yoyote. Mama akianguka chali, humwangukia mtoto. Mtoto aliyezidi mwaka 1 ni afadhali akae kwenye kiti chake. Aliye chini ya mwaka, mama atembee naye, na baba aikokote baiskeli ikiwa imebeba mizigo. Tunajua njia ni ndefu. Basi angalau sehemu mbaya, yaani barabara ya magari, mteremko, mchanga na daraja, mshuke mtembee.

MJAMZITO NA MGONJWA

Kadiri tumbo linavyokua, mwili wa mama hubadili mizani yake na kuanguka kunakuwa kwepesi. Pigo la tumbo linaweza kuliachisha kondo kabla ya wakati, na hapo maisha ya mama na ya mtoto yote mawili yamo hatarini. Mama mjamzito aliyeanguka aje hospitali hata kama hana jeraha. Akiona damu, au maumivu ya tumbo yasiyokoma, au mtoto ameacha kucheza, aje bila kukawia saa moja.

Kwa sababu hiyo tunawasihi: msingoje uchungu uanze ndipo mtafute baiskeli. Akina mama wanaokaa mbali wahamie mapema kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua, ile ambayo wengi huiita chigonela, kama ipo kwenye hospitali iliyo karibu nao. Jumuiya nayo ijue mapema ni nani mwenye gari au bajaji, na namba yake ya simu iandikwe ukutani.

Wapo wagonjwa wasiofaa kupakiwa kwenye keria: aliyezimia au anayesinziasinzia, mwenye degedege, anayetokwa damu nyingi, na aliyeumia shingo, mgongo au paja. Hao hubebwa wakiwa wamelala, kwa gari au kwa machela. Katika nchi jirani za Malawi na Zambia ziko baiskeli zinazokokota kitanda chenye magurudumu, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuwaundia kama hicho. Ikiwa hakuna njia nyingine ila keria, na mgonjwa ana fahamu zake na anaweza kuketi, basi baiskeli isiendeshwe, ikokotwe. Mmoja ashike usukani, mwingine atembee kando akimshikilia mgonjwa.

Yule Msamaria mwema tunayemsoma katika Injili ya Luka sura ya 10 alifuata utaratibu huo huo. Kwanza aliyafunga majeraha, ndipo akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, na baadaye akamtunza. Hakumtupa mgongoni mwa punda kama furushi akapiga mbio.

MKIANGUKA

Msiinuke haraka. Anayelalamika shingo au mgongo, au asiyehisi miguu, aachwe alale kama alivyo hadi wapatikane watu wa kumbeba bila kumkunja.

Aliyegonga kichwa achunguzwe kwa saa 24 hadi 48, hata akijisikia mzima. Mleteni upesi akitapika mara kwa mara, akiumwa kichwa kinachozidi, akichanganyikiwa, akisinzia kiasi cha kuamka kwa shida, akipata degedege, au akitokwa damu au maji masikioni au puani.

Mtoto aliyeangukia ncha ya usukani kwa tumbo aletwe siku hiyo hiyo, hata kama nje pana alama ndogo ya duara tu. Bandama, kongosho au utumbo vyaweza kuwa vimeumia ndani, na maumivu makali yakaja saa nyingi baadaye. Asipewe chakula hadi apimwe.

TUMALIZIE

Huko Italia, karibu na ziwa Como, kuna kikanisa cha Bikira Maria wa Ghisallo. Mwaka 1949 Papa Pio XII alimtangaza kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Ni vema tumwombe atusindikize njiani. Lakini anayeomba ulinzi wake na akaze nati za keria kwanza.

Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zijadili maswali haya zikikutana wiki hii:

1. Katika jumuiya yetu kuna baiskeli ngapi zinazopakia watoto, na ngapi kati ya hizo zina kinga ya spoku?

2. Nani kati yetu ni fundi, na anaweza kutenga Jumamosi moja kuwafundisha wengine kuitengeneza?

3. Usiku wa leo mama akishikwa na uchungu au mtu akivunjika paja, tutambeba kwa nini?

Mkikubaliana, anzeni na baiskeli zinazowapeleka watoto shule. Dumu moja linatosha kulinda miguu ya mtoto mmoja, na kazi yake haimalizi asubuhi.

Mungu awabariki, awafikishe salama muendako, nyote wawili.